Dawa ya majani haijui sombe yako

Tuko mwezi wa tatu, mvua inanyesha bila kupumzika, na kila mmoja wetu anajua maana yake: ukilala siku mbili bila kugusa jembe, siku ya tatu huoni tena mpunga, unaona majani tu.

Juma hili nimepokea karatasi kutoka kwa kikundi cha wamama wanaotunza kiwanja cha maternite. Walimtuma mtoto nayo, imekunjwa ndogo kama noti. Wanasema hivi: kiwanja chetu cha paspalumu kimevamiwa. Kila juma tunainama, kila juma majani yanarudi. Sasa kuna muuzaji sokoni ametuambia kuna dawa inayoua majani mapana peke yake na kuacha paspalumu ikiwa kijani. Je, tutoe feza ya sanduku tununue dawa na pompi ya mgongoni? Na pompi hiyo, wamama wenye mashamba ya mpunga wanaweza kuikodi, feza irudi sandukuni?

Swali ni zuri, na wamelipanga kama watu wa biashara. Nimeona nilijibu hapa, si kwa karatasi, kwa sababu najua vikundi vingine vinawaza jambo hilohilo.

Nianze na ukweli: muuzaji hakudanganya. Dawa hiyo ipo, na inafanya alivyosema. Jina lake linaloandikwa kwenye etiketi ni 2,4-D. Ni ya zamani kuliko wengi wetu. Wataalamu wa Uingereza na Marekani waliigundua kwa siri wakati wa vita vya pili vya dunia, na huko Marekani ikaanza kuuzwa mwaka 1945. Tangu hapo imemwagwa kwenye viwanja vya mpira, bustani za wenye nyumba kubwa, mashamba ya ngano, ya mahindi, ya miwa na ya mpunga duniani kote. Sokoni inaletwa kwa majina mengi, na kila kiwanda kina lake. Kwa hiyo usiangalie picha iliyo mbele ya chupa, angalia yale maandishi madogo yanayosema ndani mna nini.

Inafanyaje? Kila mmea una kitu ndani yake kinachouambia ukue, na kiasi gani. 2,4-D inajifanya kuwa kitu hicho. Mmea wa jani pana ukiinywa, unapokea amri ya kukua bila mpango: shina linajipinda, majani yanajisokota kama kamba, njia za maji ndani zinaziba, na baada ya juma moja hadi matatu umekufa. Haufi kwa kuungua. Unakufa kwa kukua vibaya. Paspalumu, ukoka, mahindi na mpunga wana namna ya kujitetea. Jani lao ni jembamba na limesimama, matone mengi yanateleza. Sehemu inayokua imefichwa chini, ndani ya shina. Na hata dawa ikiingia, ndugu hao wanajua kuivunjavunja haraka kabla haijawadhuru.

Basi hapo ndipo nataka mnisikilize. Dawa hii haichagui kati ya jani baya na jani zuri. Inachagua kati ya jembamba na pana. Sasa angalia sufuria yako ya jana. Sombe ni jani pana. Lenga-lenga ni pana. Matembele, ngai-ngai, maharagi, karanga, nyanya, biringanya, bamia, pilipili, yote ni mapana. Ukiwa na wasiwasi juu ya mmea wowote, kumbuka ulivyotoka ardhini: mpunga na mahindi hutoka na jani moja lililochongoka kama sindano, karanga na maharagi hutoka na majani mawili yanayofunguka kama viganja. Ule wa viganja viwili, dawa itauua. Haijui kwamba uliupanda wewe.

Sijui kama niliwahi kuwaeleza kisa cha bustani yetu ya pale bondeni. Sikupenda kukieleza, kwa sababu hakitupi heshima.

Tulikuwa wamama kumi na wawili, tumepanda nyanya, biringanya na lenga-lenga karibu na kijito. Wadudu wakaanza kula biringanya. Tulikuwa na dawa yetu ya nyumbani, maji ya sabuni na pilipili iliyopondwa, lakini kunyunyiza kwa fagio kunachosha. Mmoja wetu akaenda kuazima pompi kwa jirani mwenye shamba la mpunga. Jirani mwema, hakutaka hata senti. Tukaisuuza kwa maji ya kijito, tukaweka sabuni yetu na pilipili, tukanyunyiza bustani nzima. Siku ya nne majani ya nyanya yalikuwa yamejikunja kama mkono wa mtu mwenye degedege. Biringanya zikainama. Lenga-lenga ikawa imepinda shingo, yote, mstari kwa mstari.

Kulikuwa na mama mmoja mjane kati yetu. Juma mbili kabla ya hapo alikuwa amegombana nasi juu ya zamu yake ya likelemba. Alisema maneno, nasi tulisema maneno. Basi bustani ilipokufa, hakuna aliyetaja jina lake, lakini wote tulimtazama. Mnajua namna tunavyotazamana. Siku iliyofuata watoto wake waliitwa majina njiani. Juma lililofuata hakuja kwenye mkutano.

Agronomu alipita siku kumi baadaye, kwa shughuli nyingine kabisa. Akaangalia mnyanya mmoja, akaugeuza, akauliza swali moja tu: «Pompi mliitoa wapi?»

Jirani alikuwa amenyunyiza 2,4-D kwenye mpunga wake siku mbili kabla. Ilibaki kidogo kwenye mpira wa pompi na kwenye vile viduara vya ndani. Dawa hii haihitaji kuwa nyingi. Kiasi ambacho jicho halioni, kinachobaki baada ya kusuuza mara moja, kinatosha kupindua nyanya. Hapakuwa na mkono wa mtu, hapakuwa na kijicho, palikuwa na pompi chafu. Tulikwenda watu watatu kwa yule mama kuomba msamaha. Alitupokea, alitupa viti. Kwenye kikundi alirudi baada ya miezi minane.

Ndiyo maana nikisoma kwenye karatasi yenu kwamba pompi itakodishwa kwa wenye mpunga kisha irudi, mwili wangu ulishtuka. Pompi iliyobeba dawa ya majani haibebi tena kitu kingine chochote. Mtu atawaambia kwamba kuna namna ya kuisafisha, na ni kweli, ipo: kusuuza mara tatu, kuacha maji ya amonia yalale ndani, kusuuza tena pamoja na mpira na mdomo wa kunyunyizia. Lakini nani kati yetu ana amonia nyumbani Kabambare? Kama kikundi kitanunua pompi ya dawa ya majani, muipake rangi nyekundu pande zote mbili, na ile ya bustani iwe nyingine.

Sasa turudi kwenye kiwanja cha maternite.

Nilikwenda kukiangalia siku ya tatu, kabla jua halijawa kali. Nilitembea polepole nikihesabu. Kuna ule mmea wa miiba unaojikunja ukiugusa, watoto wanauchezea sana. Huo uko upande wa choo, umetambaa sehemu kubwa. Kuna ule wenye sindano nyeusi zinazoshika kwenye kikwembe, hasa pembeni ya uzio. Kuna ule wa maua madogo ya rangi ya zambarau wenye harufu ya mbuzi dume. Kuna ule mdogo wa maziwa, unaolala chini kwenye njia, ambao mabibi zetu wanauchemsha kwa ugonjwa wa tumbo. Hayo yote ni majani mapana, na 2,4-D ingeyadhuru, hasa yakiwa bado machanga. Yale ya miiba yaliyozeeka yangenyauka kidogo kisha yakarudi kutoka kwenye mzizi.

Lakini nilikuta pia ndago, tena nyingi, mnaidhani ni majani ya kawaida. Ing'oe moja, uzungushe shina lake kati ya vidole: lina pembe tatu. Chini kuna kile kijinundu cheusi. Ndago ina jani jembamba, si ndugu wa karibu wa paspalumu wala si jani pana, na 2,4-D haiiwezi. Mngenyunyiza, mapana yangekufa, ndago ingepata nafasi yote.

Na paspalumu yenyewe haiko peke yake. Kwenye kivuli cha mwembe kuna majani mengine ya kutambaa, yenye jani fupi na pana kidogo, mviringo kwenye ncha. Hayo nayo ni ya jamii ya nyasi, yanafunika ardhi vizuri, na yanapenda kivuli kuliko paspalumu. Lakini kati ya majani ya kiwanja, hayo ni dhaifu mbele ya dawa hii. Yanageuka manjano, mengine yanakufa. Mngebaki na udongo mtupu chini ya mwembe, mahali hasa ambapo wamama wanaongoja siku zao hutandika mikeka.

Hilo ndilo jambo la pili. Kiwanja hicho ni cha nani? Ni cha mama mjamzito anayelala hapo kwa ubavu kwa sababu ndani kuna joto. Ni cha mtoto wa mwaka mmoja aliyekuja na mama yake anayezaa mdogo wake, anatambaa, anang'oa kila kitu na kukitia kinywani. Mwaka 2015 shirika la Umoja wa Mataifa linalochunguza kansa, lenye makao Lyon huko Ufaransa, liliiweka 2,4-D kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vikaleta kansa. Walisema ushahidi bado ni mdogo, na sipendi kuwatisha kupita walivyosema wao. Kwenye kiwanja cha mpira, watu wanaweza kufungiwa nje mpaka dawa ikauke. Kwenye maternite huwezi kumfungia mtu nje. Uchungu haungoji dawa ikauke.

Na uzio unapakana na nini? Na shamba la muhogo la mkunga mwenyewe. Hatua sita, nilizipima. Upepo ukipiga kidogo tu, au jua likiwa kali na dawa ikageuka mvuke, sombe yake imekwenda.

Kwa hiyo jibu langu kwa kiwanja ni hapana, na sina haya kulisema moja kwa moja. Lakini siwezi kuwaambia hapana kisha niwaache mmeinama tena kama jana. Kuna sababu majani yanarudi.

Mnakata chini mno. Vijana wanaokuja na kupekupe wanakata mpaka udongo unaonekana, kwa sababu wanadhani wakikata chini hawatarudi kukata haraka. Paspalumu ikinyolewa hivyo inatumia nguvu zake zote kutoa jani jipya, mizizi inadhoofika, jua linafika ardhini, na mbegu za jani pana zilizokuwa zimelala zinaamka. Mbegu hizo zinangoja mwanga. Mwambieni kijana akate akiacha urefu wa vidole vinne, na aje mara nyingi zaidi wakati huu wa mvua. Kivuli cha paspalumu chenyewe ndicho dawa ya kwanza. Majani haya yanapenda joto na mvua; miezi hii ndiyo nguvu yao. Kiangazi kikifika, mwezi wa sita mpaka wa nane, yatalala, na mtakachokuwa hamjakitengeneza sasa hamtakitengeneza wakati huo.

Kung'oa kufanywe asubuhi baada ya mvua ya usiku, udongo ukiwa laini, na kwa kisu kizee au ncha ya jembe dogo, si kwa kuvuta tu. Ukivuta ule wa miiba, unakatika, mzizi unabaki, juma lijalo unazaa matawi mawili. Anzeni na yale yanayokaribia kutoa maua. Ule wa sindano nyeusi, mmoja tu ukiachwa ukomae, unamwaga mbegu elfu kadhaa. Hata ukiutupa njiani umeupanda.

Na hapa ndipo wengi tunakosea: tukishang'oa, tunaacha shimo. Shimo ni mlango. Kata kipande cha paspalumu kutoka mahali ilipojaa, chenye mizizi, ukubwa wa kiganja, ukikanyagie pale pale. Mvua hii itakishika kwa siku chache. Upande wa choo ambako miiba imetawala, msing'oe kidogo kidogo. Tifueni pote kwa siku moja, mpande paspalumu kwa mistari ya hatua ndogo. Miezi miwili mtaona.

Ndago ni kazi ya subira. Chimbeni na kijinundu, msiache hata kimoja, mrudi baada ya juma mbili, na tena. Sitawadanganya kwamba itaisha mwaka huu.

Kwa wale wa mpunga, jambo ni tofauti, na sitaki kuwa mama wa kukataza kila kitu. Mpunga tuliupokea hapa tangu siku za Tippu Tip na Waungwana, ni mkono wetu wa kulia, na kila anayelima anajua kwamba palizi la pili ndilo linalovunja mgongo. Mwanamke anayepalia na mtoto mgongoni ana haki ya kuuliza kama kuna njia nyepesi. 2,4-D kwenye mpunga ni njia inayojulikana duniani. Ila kwanza angalia shamba lako. Sisi tunapanda mpunga, ndani yake tunachomeka mahindi, na pembeni au katikati tunatia vijiti vya muhogo vitakavyobaki tukishavuna. Shamba la namna hiyo halinyunyiziwi 2,4-D. Hakuna namna ya kuuzunguka muhogo. Ukinyunyiza umeokoa palizi na kupoteza chakula cha mwaka unaofuata.

Kama shamba ni la mpunga mtupu, na majani yaliyoko ni mapana na si nyasi za porini wala ndago, basi wakati wake ni mpunga ukiwa umeanza kutoa machipukizi, karibu juma la tatu mpaka la tano baada ya kuota. Ukiwa mdogo kuliko hapo unaumia. Ukiwa umeanza kubeba mimba, punje zitatoka pumba. Nyunyiza asubuhi, upepo ukiwa umetulia, mvua isiwe karibu kwa saa sita. Kipimo ni cha etiketi, si cha muuzaji wala cha kizibo cha Fanta. Kuongeza dawa hakuongezi kifo cha majani, kunachoma jani kabla halijainywa, na kunaumiza mpunga wako. Jirani mwenye karanga umwambie siku mbili kabla, na uache mistari kadhaa ya upande wake bila kunyunyiza, uipalie kwa jembe.

Etiketi nyingi zinafika hapa zimeandikwa kwa Kiingereza, kwa maana bidhaa inapita mipaka na maziwa kabla ya kupanda mlima na kutufikia. Mpelekee mwalimu au agronomu akusomee kabla ya kufungua, si baada. Na hata asiyejua kusoma kuna kitu anaweza kuona mwenyewe: ukanda wa rangi chini ya karatasi. Nyekundu ni sumu kali sana. Manjano inafuata, na 2,4-D iko hapo. Kisha buluu, kisha kijani. Chupa isiyo na ukanda wala karatasi, usiinunue hata ikiwa nusu bei.

Kuna chupa moja nataka niisimamie zaidi. Mkiomba dawa ya majani bila kutaja ipi, muuzaji anaweza kuwapa nyingine, paraquat. Hiyo haichagui, inaunguza kila jani la kijani, paspalumu pia. Ni maji ya rangi ya kijani na buluu. Mtu akimeza funda moja anaweza kufa, na haina dawa ya kuiponya, hata hospitali kubwa haina. Ulaya waliipiga marufuku mwaka 2007. Katika nchi nyingi watoto wamekufa kwa sababu iligawanywa kwenye chupa za soda ikawekwa chini ya kitanda. Hapa kwetu kugawanya ni desturi, kwa sababu litri nzima ni ghali. Naelewa. Lakini dawa ya majani isigawanywe kwenye chupa ya kinywaji, iwe ni hii au ile. Mama akikuta chupa ya namna hiyo ndani ya nyumba yake, hata ikiwa ya bwana, ana ruhusa yangu kuleta ugomvi.

Nguo nazo. Bwana au kijana akitoka kunyunyiza, anavua anatupa kwenye karai pamoja na nguo za mtoto, kisha nani anafua kwa mikono mitupu? Nguo za kazi hiyo zifuliwe peke yake, siku hiyohiyo, kwa sabuni na maji mengi, mbali na kijito, na aliyezivaa ndiye azisuuze mara ya kwanza. Mwenye mimba na anayenyonyesha wasibebe pompi wala wasikoroge. Dawa ikimrukia mtu jichoni, maji safi yanayotiririka kwa robo saa nzima, hata akilia, kisha kituo cha afya. Aliyemeza asitapishwe. Mpelekeni mbio, na chupa mkononi ili mganga aone jina. Majani yaliyonyunyiziwa yasipewe mbuzi. Na pompi haioshwi Luama, wala kwenye kijito chochote tunakochota.

Wamama wa kiwanja, nimeongea na mkunga. Siku ya posho asubuhi, mvua ikiwa imepita, tunaanzia upande wa choo. Lete kisu kizee na jembe dogo. Mifuko ya kubebea mbegu za sindano nyeusi ninayo mimi, tutazichoma. Paspalumu ya kukata tutaitoa nyuma ya kisima, imejaa huko. Yule mama wa bustani yetu ya bondeni amesema atakuja na binti zake wawili, na ndiye atakayetuonyesha kupanda kwa mistari, kwa sababu kiwanja chake nyumbani ndicho kizuri kuliko vyetu vyote. Feza ya sanduku ibaki sandukuni mpaka tukutane. Wenye mpunga mtupu, bila muhogo ndani, waandike majina yao tuwahesabu. Wakifika watano tutazungumza juu ya pompi nyekundu.